Kabla Hamjaita Mtambo

Nyansiongo,
Kaunti ya Nyamira.

Kwako baba,

Mvua imeanza, majani chai yamechipuka vizuri, na mama yako kikohozi kimemwachilia. Nakuita baba kwa sababu umebeba jina la marehemu baba yangu, na hilo haliondoki hata kama ni mimi niliyekubeba mgongoni.

Ujumbe wenu nimeuona. Ninyi vijana wa hapa mlioko Nairobi mmeanza kuchanga pesa za kuchimba kisima kirefu, na mnataka nimwone chifu mapema ili siku mtambo ukifika pasiwe na maneno. Nimefurahi kwamba mmekumbuka nyumbani. Kwa chifu sijaenda. Nimeona nikuandikie kwanza, tena kwa karatasi, maana kwenye simu utaniambia "sawa shangazi" kabla sijafika katikati. Kazi yangu kabla ya kustaafu unaijua: afya ya umma, miaka na miaka, pande hizi zote za ziwa. Maji nimeyafuata hadi kwenye vikombe vya watu. Kwa hiyo vumilia, barua ni ndefu.

Kisima kirefu si shimo tu. Kwanza mtaalamu aje apime ardhi aone kama maji yapo na yako chini kiasi gani. Kisha kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kisha NEMA, watu wa mazingira, nao wana karatasi zao. Hapo hata udongo haujaguswa. Ukijumlisha kuchimba, mabomba ya ndani, pampu, tangi na umeme wa kuyavuta maji, milioni moja inakwisha mapema sana. Na mtambo ukikosa maji, mwenye mtambo bado anataka chake, kwa kuwa kwa kawaida yeye hulipwa kwa mita alizochimba.

Tuseme maji yametoka. Mtapiga picha, mbunge atakuja, tutachinja. Mwaka wa tatu pampu inaharibika. Fundi yuko Kisii au Kisumu, kipuri kiko Nairobi, na bili ya umeme haijalipwa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amelipa. Wataalamu wanaofuatilia pampu za mkono vijijini katika Afrika kusini mwa Sahara hukadiria kwamba kati ya robo na theluthi hazifanyi kazi ukienda kuzikagua. Mimi sihitaji makadirio. Nimeona pampu iliyofungwa mnyororo na mbuzi amefungwa kwenye mpini wake, na akina mama wanaipita na mitungi kichwani wakielekea mtoni kulekule walikokuwa wakienda zamani.

Halafu maji ya chini sana si lazima yawe salama. Huko Bonde la Ufa, Nakuru, Naivasha na kwingineko, visima vingi vina madini ya floraidi kupita kiasi. Ndiyo yanayowapa watoto meno ya kahawia, na kwa muda mrefu yanakaza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukiyachemsha maji hayo floraidi haitoki, bali inazidi, kwa sababu maji ndiyo yanayoruka na mvuke. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ililazimika kutengeneza machujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ili kuiondoa. Sisemi kwetu ni hivyo. Nasema mtu asikudanganye kwamba yakitoka chini ni masafi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu uko bondeni.

Ile chemchemi ya chini ya shamba la majani chai haijawahi kukauka tangu babu yako apate ardhi hapa, miaka ile ya uhuru mashamba ya walowezi wa Borabu yalipogawanywa. Umekunywa maji yake hadi ukaenda sekondari. Lakini hujaitazama karibuni, kwa hiyo acha nikueleze ilivyo saa kumi na mbili asubuhi. Mitungi ya manjano, ile iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, imepangwa foleni. Maji yanatoka jiweni kama kidole gumba, yanatulia kwenye kidimbwi, na kila mtu anachota kwa bakuli la plastiki lililokatwa kutoka kitako cha mtungi uliopasuka. Bakuli hilo ni la wote. Ukimaliza unaliweka nyasini, na nyasi hizo ndizo ng'ombe wa maziwa wa jirani walizolalia usiku. Mtoto akichelewa shule anaingia kidimbwini na viatu. Juu ya chemchemi, mbolea ya majani chai inashuka na mvua, na juu zaidi kuna vyoo vya shimo ambavyo hakuna aliyewahi kupima umbali wake.

Kwa hiyo ubaya si wa chemchemi. Maji yanatoka vizuri na kuchafuliwa katika hatua tatu za mwisho, mbele ya macho yetu.

Kuikinga chemchemi ni kazi ya fundi wa kawaida na nguvu za vijana. Unafukua kurudi nyuma hadi kwenye jicho lenyewe la maji. Unapanga mawe safi mbele ya jicho ili maji yapite kati yake, unayafunika kwa karatasi ngumu ya nailoni, na juu yake udongo wa mfinyanzi uliopigwa vizuri, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Mbele unajenga ukuta wa mawe na simiti wenye bomba. Bomba liwe juu kiasi kwamba mtungi wa lita 20 unasimama wima chini yake, pasiwe na haja ya bakuli tena. Chini unaweka sakafu ya kusimamia na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika, na huko mbali chini, hori la ng'ombe, maana usipowapa ng'ombe mahali pao watavunja ua. Upande wa juu unachimba mtaro wa kukatiza maji ya mvua yasiingie. Halafu ua.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wenye haraka hulikosea, na ukiwa msimamizi likague mwenyewe. Bomba lisiwekwe juu kuliko pale maji yalipokuwa yakitoka kwa hiari yao. Fundi anataka mtungi ukae vizuri, basi anainua bomba, maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanasukumwa kurudi, na chemchemi inatafuta njia nyingine. Unabaki na ukuta mzuri mkavu, na maji yanachimbuka kwenye shamba la mtu. Ukitaka nafasi ya mtungi, chimba sakafu iende chini.

Hili limepimwa, na si mbali. Huko Busia watafiti walikinga chemchemi nyingi, zikapangwa kwa kura ipi itangulie na ipi ingoje, ili tofauti ionekane. Mmoja wao ni Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye maji ya chemchemi ulipungua kwa 66 kwa mia, na kuhara kwa watoto kukashuka kwa karibu robo. Kila chemchemi iligharimu karibu dola elfu moja za Marekani za wakati ule. Linganisha na mtambo wenu.

Lakini soma matokeo yale hadi mwisho, kama nilivyowalazimisha wanafunzi wangu wa mafunzo kazini kuyasoma. Nyumbani, ndani ya mitungi, maji hayakuwa yamesafika kwa kiasi kile. Yaliondoka bombani safi yakachafuka njiani na jikoni. Hapo ndipo pesa zenu zitapotelea, mwanangu, hata mkileta maji kutoka mbinguni. Ukuta wa simiti ni nusu ya kazi, ile nusu inayopigwa picha.

Kabla sijaingia jikoni, kuna mikaratusi. Unajua miti iliyo juu ya chemchemi na unajua ni ya nani. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi iliyo kandokando ya mito na vyanzo vya maji ing'olewe nchi nzima. Watu walipiga makofi, na miti ikaendelea kukua. Sababu unaijua: viwanda vya majani chai vinakausha chai kwa kuni, na kuni ni mikaratusi. Yule mzee amesimamisha karo ya wajukuu wake pale juu ya jicho la maji. Ukimwendea na barua ya serikali atakuonyesha hatimiliki. Mimi ningemwendea hivi: akate aliyopanda auze, bei yake asipoteze hata senti, lakini visiki visichipuke tena, na kikundi kimnunulie miche ya miti ya kienyeji au mianzi ya kupanda hapo, pamoja na fidia kidogo kwa miaka ya kungoja. Hiyo ni gharama halali ya mradi wa maji. Iwekeni kwenye bajeti kabla ya simiti. Na makubaliano yaandikwe: chemchemi iko ndani ya shamba la mtu, njia ya kuifikia ni yake pia, na akifa leo watoto wake hawatakumbuka maneno ya mdomo. Vyoo vya shimo navyo, tuhakikishe viko angalau mita 30 kutoka chemchemini, visiwe juu yake kwenye mteremko.

Sasa jikoni.

Ingia nyumba yoyote ya hapa. Mtungi wa kuchotea unamiminwa kwenye ndoo pana au chungu, juu kuna kifuniko, au sahani, na juu ya kifuniko kuna kikombe. Mtoto anatoka kucheza, anafunua, anazamisha kikombe na vidole vinne, anakunywa, anarudisha kikombe. Hakuna aliyekosa adabu hapo, ndivyo sote tulivyolelewa. Ila kila kikombe kinachozama kinapeleka mkono ndani ya maji ya nyumba nzima.

Huko Homa Bay, mwishoni mwa miaka ya tisini, shirika la CARE pamoja na wataalamu wa Marekani wa kituo cha CDC walileta vyombo vya plastiki vyenye mdomo mwembamba na bomba. Watu wengi walipendelea vyungu vyao. Kwa nini? Chungu kinapoza maji, na maji ya plastiki kwenye joto la ziwa ni kama uji. Basi badala ya kuwasuta watu, waliwaendea akina mama wafinyanzi wakawaomba wafinyange chungu chenye mdomo mdogo usioingiza kikombe, na bomba ubavuni. Vikanunuliwa. Kwetu huku juu baridi inatosha, ndoo ya plastiki yenye bomba chini na kifuniko kinachobana itafaa, na fundi wa Kijauri anaweza kutoboa ndoo ya kawaida na kuifunga bomba mbele yako. Kama ningekuwa na shilingi za kikundi chenu mkononi leo, kila nyumba inayochota pale ingepata ndoo hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuchemsha najua utaniuliza, maana mama yako ndiye aliyekufundisha. Kuchemsha kunaua, na wala usisikilize wanaosema huku milimani maji hayapati moto wa kutosha. Kweli kwenye mita 2,000 juu ya bahari huchemka karibu na nyuzi 93 badala ya 100, lakini nyuzi hizo zinatosha kuwamaliza wadudu wa kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja, ukiwa juu sana dakika tatu, basi. Taabu ni kuni na moshi, na kwamba maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa. Kikombe kimoja kikizama, umerudi ulikoanzia. Na tena wengi wetu tunachemsha chai tu. Asubuhi tunakunywa chai safi kabisa, halafu saa nne tuko shambani tunachuma, na kiu inazimwa na chupa iliyojazwa maji mabichi.

Dawa ya klorini ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoipenda kidogo kuliko zote. WaterGuard unaikumbuka, ile chupa ndogo ya duka iliyoingia sokoni Kenya mwaka 2003. Kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 kama maji ni maangavu, viwili kama yana tope, unatikisa, unangoja nusu saa. Uzuri wake ni kwamba inabaki ndani ya maji na kuendelea kuua hata mkono ukiingia baadaye. Inagharimu kidogo mno. Mbona basi hainunuliwi? Kwanza ni harufu. Pili ni uvumi, kwamba inazuia wanawake kuzaa. Nimeusikia Migori, nimeusikia Kisii, na siku moja niliusikia kwa mwalimu. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ni kitu cha kukumbuka kununua. Shilingi chache zikikosana na sukari, sukari inashinda.

Ndiyo maana watafiti walewale wa Busia walijaribu jambo jingine. Waliweka kijitangi cha dawa kwenye nguzo palepale chemchemini, bure. Unachota, unapindua kifungo kimoja, kipimo cha mtungi mmoja kinadondoka ndani, unakwenda. Ukifika nyumbani dawa imeshafanya kazi njiani, na majirani wamekuona ukitia au ukiacha. Zaidi ya nusu ya nyumba zikawa zinatumia, ilhali pale dawa ilipobaki ya dukani waliotumia walikuwa wachache mno. Baadaye Kremer na wenzake walijumlisha majaribio ya kusafisha maji kutoka nchi mbalimbali wakaona vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vinapungua kwa karibu robo. Kwa kitu cha bei ya kiberiti!

Usije ukadhani naiuza dawa. Mambo mawili dhidi yake. La kwanza, haifui dafu kwa kimelea kiitwacho kriptosporidio, na maji yenye tope huimeza kabla haijafanya kazi. Maji yakiwa ya mto wakati wa masika, yaache yatulie, yapitishe kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa, ndipo utie. Kuna vipakiti vya unga vinavyokusanya tope na kuua wadudu kwa pamoja. Vilijaribiwa huku Nyanza na ripoti ikatoka mwaka 2005, vikafanya vizuri kwenye maji machafu sana. Lakini ni kazi: kukoroga, kungoja, kuchuja, kungoja tena. Kwa chemchemi iliyokingwa hatuvihitaji.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza. Katika Kakamega, Bungoma na Vihiga ulifanyika utafiti mkubwa, zaidi ya mama wajawazito 8,000, matokeo yakatoka mwaka 2018. Wengine walipewa klorini, wengine vyoo, wengine sabuni na maji ya kunawa, wengine vyote pamoja. Kuhara hakukupungua. Bangladesh, kwa mpango uleule, kulipungua. Wakubwa wamebishana sana kuhusu sababu. Nami nina yangu, ya mtu aliyebisha hodi kwenye milango: Bangladesh wahamasishaji walikuwa wakirudi nyumbani kwa watu mara kwa mara kuliko huku kwetu, na kwetu kadiri miaka ilivyosonga ndivyo nyumba zenye klorini majini zilivyopungua. Dawa iliyo kwenye rafu haimtibu mtu. Ndiyo maana nasema pesa ya mradi igawanywe, na sehemu ya maana ibaki kumlipa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kwa miaka miwili baada ya ninyi kurudi Nairobi. Wahudumu wa afya ya jamii tunao, serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, na wanazijua nyumba zote. Waongezeeni nauli na kipima klorini, kile cha matone yanayogeuza rangi ya maji. Maji yakigeuka, mama mwenye nyumba anaona kwa macho yake, hahitaji hotuba.

Mvua sasa. Nyansiongo haina shida ya mvua, ina shida ya kuiacha ipite. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mama yako ina paa la mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Kwa mwaka wenye milimita 1,500, na vilima hivi vya Gusii hupata hizo na zaidi, paa hilo linapokea lita 72,000. Toa moja kwa tano kwa yanayomwagika, unabaki na zaidi ya lita 57,000. Yote hayo sasa hivi yanachimba korongo nyuma ya jiko. Familia ya watu sita ikitumia lita 30 kwa siku za kunywa na kupikia tu, kiangazi cha miezi mitatu, Desemba hadi Februari, kinahitaji lita 2,700. Tangi la lita 3,000 linatosha. Si lazima liwe kubwa kama la shule.

Ila gata ziwe na mteremko, na maji ya mwanzo ya kila mvua yasiingie. Hayo yanabeba mavi ya ndege, vumbi na majani. Bomba pana la kusimama lenye kizibo chini, lijae kwanza kabla maji hayajapanda kwenda tangini; mvua ikikatika unafungua kizibo linamwagika. Wavu mdomoni kuzuia mbu. Na klorini bado, ndiyo.

Kuhusu ile chupa ya plastiki inayoanikwa juani, uliyoniandikia kwamba umeisoma: ni kweli inafanya kazi. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Chupa angavu ya lita moja au mbili, saa sita za jua kali, mionzi na joto vinaua. Kajiado kuna jua. Hapa saa nane mchana wingu linapanda kutoka upande wa ziwa na unakumbuka linavyofanya. Siku za mawingu unaambiwa uache siku mbili, na kwa familia ya sita hizo ni chupa ngapi juu ya bati, na bodaboda ngapi zitapita zikiziokota? Tuwaachie Kajiado.

Maji yawe mengi pia. Tunasisitiza usafi wa maji ya kunywa mpaka tunasahau kwamba mikono isiyonawa na nguo zisizofuliwa zinaua vilevile. Gilbert White, Anne White na David Bradley walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya sitini wakiwauliza akina mama wanachota mara ngapi na kiasi gani, na kitabu chao cha mwaka 1972 kilisema hili waziwazi. Mama anayetembea mbali huleta maji ya kunywa na kupika, ya kunawa hayafiki. Hapo ndipo nakubaliana nanyi kidogo kuhusu kisima. Kwa nyumba za ng'ambo ya barabara, mbali na bonde, kisima kinaweza kuwa jibu siku moja. Waanze na matangi, kisima kije na mpango wa kukilipia.

Nisikudanganye kwamba serikali haina deni hapa. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na tangu ugatuzi kazi hiyo iko kaunti. Nina umri wa kukumbuka mpango wa mwaka 1974 ulioahidi maji karibu na kila nyumba ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika. Kwa hiyo dai, andika barua, nendeni kwa mwakilishi wadi na karatasi mkononi, lakini watoto wasiharishe wakingoja.

Sasa ninayotaka kutoka kwako. Usiniambie kikundi kimeshapiga kura. Kura inapigwa tena. Waulize wenzako kama watakubali kukinga chemchemi kwanza, na ndoo za bomba kwa nyumba zote zinazochota pale. Nipe jibu kabla ya baraza la chifu, ambalo limetangazwa kuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Wakikubali, nitakwenda kwa mwenye mikaratusi mwenyewe, bila vijana, kwa kuwa mimi na yeye tulibatizwa siku moja. Kamati nataka wanawake wawe wengi, sio mmoja wa kuandaa chai. Mweka hazina awe anayechota maji pale, na pesa zikae kwenye akaunti ambayo watu wawili au watatu lazima watie sahihi. Kila nyumba itoe kidogo kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika. Hasa kama hakuna kilichoharibika.

Kabla fundi hajaanza, omba ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ichukue maji ya chemchemi na maji ya nyumba kadhaa wayapime, mwaka ujao wapime tena. Wewe ulisomea hesabu, utatutengenezea jedwali la kuonyesha nani anasema kweli, sisi au ninyi.

Ukija Krismasi niletee kipima klorini hicho cha matone, huko mjini kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Usinunue cha bei ghali. Na umlete yule binti uliyemtaja kwa mama yako na ukasahau kunitajia mimi.

Ni mimi shangazi yako.

N.B. Mama yako anasema tangi la nyumbani kwake haliwezi kungoja kikundi. Gata nimeshazipatia bei. Nitakutumia kwa simu, hiyo haihitaji barua.